Mwanafunzi wa Pikipiki Aangukie Uwanjani, Si Barabarani

Mtu asimamaye asubuhi mjini Makambako, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, huona mengi ya kumfurahisha. Huona malori yenye shehena za kwenda Zambia na Kongo, mabasi yateremshayo abiria, wakulima waletao viazi na mbao, na katikati ya hayo yote vijana wa bodaboda wakipita huku na huku kama siafu kazini. Lakini akikaa kidogo huona pia jambo lisilofurahisha. Kijana ambaye pikipiki yake ingali na nailoni ya kiwandani juu ya kiti anasimama ampakie mama mwenye kikapu. Mama anapanda kabla kijana hajakaza miguu. Chombo kinalala upande. Na wote, kijana, mama na kikapu, wako chini. Walio kijiweni wanacheka. Lori linapita.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya anguko hilo dogo, ambalo aghalabu haliandikwi katika kitabu cha polisi wala halitajwi katika hotuba. Ajali kubwa husemwa sana, nasi hatusemi kwamba zisisemwe. Lakini anguko dogo ndilo mlango wa anguko kubwa, na wengi wa waendeshao pikipiki wamepita katika mlango huo katika miezi yao ya kwanza. Ukimwuliza dereva mkongwe, naye akiwa mkweli, atakuambia siku aliyokiangusha chombo chake na mahali alipokiangusha. Kwa hiyo swali letu leo si kama mwanafunzi ataanguka. Swali ni wapi ataangukia, na nani atakuwa nyuma yake wakati huo.

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini pikipiki huanguka. Watu wengi hudhani kuwa mwendo wa kasi ndio uangushao, na kwamba mtu akienda polepole yu salama. Ni kweli kwamba kasi ndiyo iuayo. Lakini chombo cha mwanafunzi aghalabu huanguka kikiwa kinakwenda kama mtu atembeaye kwa miguu, au kikiwa kimesimama kabisa. Pikipiki iliyo katika mwendo mzuri hujisaidia kusimama: ikiinama upande mmoja, gurudumu la mbele hugeukia upande huo huo na kuirudisha. Mwendo ukiisha, msaada huo nao huisha, na kazi yote humwangukia dereva, miguu yake miwili na akili yake. Chombo cha bodaboda kina uzito wa kilo 100 na zaidi kidogo. Kikiwa wima, hata mtoto aweza kukishikilia kwa mkono mmoja. Kikiisha kuinama kupita kiasi, mtu mwenye nguvu hawezi kukizuia, na akijaribu aweza kuumia mgongo.

Ndiyo maana yule asemaye, "Mimi nimepanda baiskeli tangu utotoni, sina haja ya kufundishwa," amesema nusu ya ukweli. Baiskeli imemfundisha kuweka mizani akiwa katika mwendo, na hilo si dogo. Lakini haikumfundisha kushika uzito wa kilo 100 unapoanza kulala mlimani, wala haikumfundisha klachi.

Na mlima, ndugu wasomaji, ndio ardhi yetu. Mji wa Njombe umekaa juu ya vilima, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na udongo mwekundu wa njia za vijijini huwa kama sabuni. Anayetoka Kibena kwenda Lupembe wakati wa masika hukutana na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori ya chai na mbao, na gurudumu dogo la pikipiki likiingia humo halitoki kwa hiari. Kisha huja Juni na Julai, miezi ya baridi na umande ugandao juu ya majani, ambapo vidole vya dereva asiye na glavu hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi haujui kuibana breki kwa kiasi. Afundishwaye Dar es Salaam juu ya lami kavu na tambarare bado hajafundishwa Njombe.

Hebu tutazame jinsi anguko linavyotokea, maana ugonjwa ujulikanao ndio upatao dawa. Lipo anguko la kukata kona ndogo: dereva anageuza chombo katika njia nyembamba, anaingiwa na hofu, anaibana breki ya mbele wakati usukani umekunjwa, na chombo kinaanguka papo hapo upande ule alikogeukia. Lipo anguko la injini kuzimika: anaachia klachi kwa ghafula katikati ya kona, injini inazimika, mwendo unakatika, na mizani inakwenda nao. Lipo anguko la mlimani: anasimama mahali palipoinama, anatoa mguu wa upande wa chini, na mguu haufiki ardhini hadi chombo kimekwisha lala. Lipo anguko la stendi: anaegesha juu ya udongo laini, stendi ya pembeni inazama, na pikipiki inaanguka mwenyewe akinywa chai, au anasahau kuikunja stendi, akikata kona ya kushoto inagonga ardhi na kumtupa. Lipo anguko la abiria, ambalo tumelitaja. Na lipo anguko la mzigo.

Juu ya mzigo hatuna budi kusema neno zaidi. Gunia la viazi la kilo 100 lililofungwa nyuma ya pikipiki ni sawa na kupakia pikipiki nyingine juu ya pikipiki. Likiwa ni lumbesa, limezidi hata hapo. Uzito huo hukaa juu na nyuma, hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na hufanya kila mwinamo mdogo kuwa mkubwa. Dereva wa miaka mitano hulibeba gunia hilo kwa tabu na kwa hatari. Dereva wa wiki mbili halibebi. Hulisindikiza tu hadi mahali litakapoangukia.

Basi kwa nini kijana wa wiki mbili amepewa gunia, au amepewa mama mwenye kikapu? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kazi ya bodaboda kwetu ingali changa. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli. Hapa Tanzania sheria iliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo mwaka 2009, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2010. Katika muda huo mfupi kazi hii imewapa riziki vijana wengi mno, nasi twaiheshimu kama tunavyoiheshimu kazi yoyote ya jasho. Lakini imekua upesi kuliko mafunzo yake. Kijana hupewa pikipiki kwa mkataba, au kwa kupeleka hesabu kila siku. Hesabu haiulizi kama dereva amejifunza. Siku ya kwanza ina hesabu sawa na siku ya mia tatu. Kwa hiyo kijana hujifunza jioni moja nyuma ya nyumba, rafiki yake akimwonyesha gia na breki, na kesho yake alfajiri yuko kijiweni akitafuta abiria. Masomo yote yaliyobaki atayasoma akiwa na mtu nyuma. Kwa lugha nyingine, karo ya masomo yake italipwa kwa miguu ya abiria.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1981 ilitolewa huko Marekani ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Wachunguzi walikwenda wenyewe mahali pa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Waliona kwamba katika kila madereva 100 waliopata ajali, 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na jamaa na marafiki. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu walikuwa na pikipiki ile waliyopata nayo ajali kwa muda usiofika miezi 5, ingawa kwa wastani walikuwa wameendesha pikipiki kwa karibu miaka 3. Los Angeles si Njombe, wala pikipiki zao si kama zetu. Lakini funzo ni moja: mtu hawi mgeni mara moja tu. Kila abadilipo chombo huwa mgeni tena, na miezi ya kwanza ndiyo yenye mtego.

Twajua watakavyosema baadhi ya wenye vyombo. Watasema: "Pikipiki nimeinunua kwa mkopo, siku ikilala uwanjani kwa mafunzo hainiletei kitu." Hoja hii ina haki yake, na hatutaki kuipuuza, maana wengi wa wenye vyombo si matajiri, ni walimu, manesi, wakulima na wastaafu walioweka akiba yao yote katika magurudumu mawili. Lakini na wapige hesabu hadi mwisho. Anguko moja tu barabarani huvunja mkono wa klachi, hupasua kioo na indiketa, hukunja pedali ya breki. Chombo hulala kwa fundi, na siku za fundi hazina hesabu. Dereva akivunjika mguu, ni miezi, si siku. Abiria akiumia, ni shauri. Siku 5 za uwanjani ni mbegu. Asiyetaka kuipanda mbegu asishangae kukosa mavuno.

Na mkataba wenyewe, mara nyingi, humtwika dereva kila hasara ya chombo. Hapo kijana aliyeanguka huwa na sababu mbili za kuficha: aibu ya kijiwe na hofu ya deni. Huinua chombo upesi, hujipangusa matope, hucheka pamoja na wanaomcheka, kisha huondoka na breki iliyopinda na mguu uliovimba, naye ana abiria. Twasema wazi kwamba kicheko hicho cha kijiweni si mchezo. Kila anayemcheka aliyeanguka humfundisha wa pili kuficha, na breki iliyofichwa ndiyo itakayokosa kushika kesho kwenye mteremko.

Tukiisha kulaumu, yatupasa kusema lifanywalo. Hatuombi mambo makubwa. Twaomba mambo ambayo kijiwe chochote cha Njombe au Makambako kinaweza kuyaanza Jumatatu ijayo.

Kwanza, uwanja. Viwanja vya mpira na maeneo ya minada huwa wazi saa 12 asubuhi. Kila kijiwe kikubaliane na uongozi wa mtaa wake juu ya mahali na siku, na dereva mkongwe mmoja asimamie kwa zamu. Mwanafunzi aangukie hapo, juu ya majani, bila abiria, bila mzigo, bila lori nyuma yake. Anguko la uwanjani hugharimu kioo. Anguko hilo hilo katika njia panda ya Makambako laweza kugharimu maisha.

Pili, mtihani wa kijiwe. Vijiwe vingi vina viongozi na daftari la wanachama. Basi jina lisiandikwe humo hadi mtu ameonyesha mbele ya wenzake mambo matano: kuzunguka duara dogo kushoto na kulia bila kuweka mguu chini, kusimama mlimani na kuondoka tena bila kurudi nyuma, kusimama kwa ghafula akitumia breki zote mbili huku usukani umenyooka, kupakia na kuteremsha mtu mzima bila chombo kuyumba, na kuegesha juu ya udongo laini, jiwe bapa au kipande cha ubao kikiwa chini ya stendi. Mtihani huu hauondoi leseni ya daraja la pikipiki itakiwayo na sheria, wala hauchukui nafasi ya mafunzo ya udereva yatolewayo na vyuo kama VETA. Huongeza juu yake kile ambacho karatasi haioni.

Tatu, wenye vyombo. Twawasihi waandike katika mkataba kwamba siku za kwanza ni za mafunzo na hazina hesabu, na kwamba mwezi wa kwanza ni wa abiria mmoja mwepesi au mzigo mdogo, si wa magunia. Juu ya mshikaki hatuna la kujadili: sheria hairuhusu abiria zaidi ya mmoja, na mwanafunzi abebaye wawili ameweka roho tatu juu ya mizani asiyoijua.

Nne, abiria, yaani sisi sote. Mfanyakazi anayewahi kazini, mama anayetoka sokoni, mwanachama anayekwenda mkutanoni, kila mmoja ana sehemu yake. Tusipande kabla dereva hajaweka miguu yote miwili chini na kusema, "Panda." Tupande kwa upande wa kushoto, maana bomba la moshi aghalabu liko kulia, na huunguza. Tukae karibu naye, tusigeuke kutazama nyuma wakati wa kona. Tudai kofia ngumu na tuifunge mkanda wake. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya dereva wa pikipiki aliyepata ajali kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu yeyote. Na tumwambiapo kijana, "Kimbiza, nimechelewa," tujue kwamba tunamwamrisha mtu ambaye huenda jana ndiyo alijua gia.

Tano, mwanafunzi mwenyewe. Kwako wewe, ndugu kijana, twasema bila kukudharau. Atazame mbele, kule aendako, asitazame gurudumu, ndivyo wakongwe wanavyofunzana, nasi tunarudia. Katika mwendo mdogo tumia breki ya nyuma kwa upole, na uiachie klachi kidogo kidogo. Kabla ya kusimama, chagua mahali mguu wako utakapokanyaga. Chombo kikianza kulala kupita nguvu zako, kiache kilale na uutoe mguu wako, maana kioo hununuliwa dukani na mguu haununuliwi. Kikiisha anguka, zima injini na ufunge petroli. Kikiwa kimelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, ili kikisimama kisipitilize na kuangukia upande wa pili. Ingiza gia ili magurudumu yasiviringike. Kisha usikiinue kwa mgongo. Kigeuzie mgongo, egemea kiti chake, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, ukisukume kwa nguvu za miguu, hatua fupi fupi. Au mwite mwenzako. Kuomba msaada si aibu. Kabla ya kuondoka, tazama breki, usukani, taa, na kama petroli inavuja. Ndipo uende, na ukifika kijiweni, sema kwamba umeanguka, na sema ulivyoanguka, ili mwingine asiangukie hapo hapo.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Wahenga waliosema hivyo walikuwa wakiwafariji waliofikwa, hawakuwa wakiwapa ruhusa wazembe. Anguko la stendi lina kinga, nayo ni jiwe bapa. Anguko la abiria lina kinga, nayo ni neno moja, "Ngoja." Anguko la mzigo lina kinga, nayo ni kukataa gunia. Na anguko la mwanafunzi, ambalo pengine halizuiliki, lina kinga iliyo bora kuliko zote, nayo ni kuchaguliwa mahali.

Nchi ijengwayo na wafanyakazi haiwezi kuwa na mfanyakazi anayejifunza kazi yake kwa kuwaumiza wengine. Fundi wa mbao hujifunza kwa ubao mbovu kabla hajapewa mninga. Mshonaji hujifunza kwa kitambaa chakavu. Hakuna sababu dereva wa bodaboda pekee aanze na kitu cha thamani kuliko vyote, yaani mtu. Wenye vijiwe vya Njombe na Makambako wana nafasi ya kuwaonyesha wenzao njia. Viwanja vipo, wakongwe wapo, asubuhi zipo. Kilichobaki ni kuamua kwamba kijana wetu ajaye ataanguka juu ya majani, atainuka, na wenzake, badala ya kucheka, watamshikia chombo.